Kijana na kindi wake, Boston 1765: mchoro ambao London iliusifu, kisha ikaukosoa pale pale ulipo bora

Mkaa Dirishani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za mpira na muziki humu hazihesabiki, za uchoraji mtu anazitafuta kwa tochi. Naleta mchoro mmoja tu, tukae nao bila haraka.

Aliyeuchora ni John Singleton Copley, mzaliwa wa Boston mwaka 1738, enzi hizo Boston ikiwa bado mji wa koloni la Waingereza. Aliuchora mwaka 1765. Kijana unayemwona ni Henry Pelham, mdogo wake wa mama mmoja, ambaye alizaliwa mwaka 1749. Leo mchoro uko Museum of Fine Arts, Boston, na kwenye tovuti yao unaweza kuukuza mpaka ukaona nyuzi za shati. Nawaomba mfanye hivyo kabla ya kuendelea kusoma.

Si mkubwa. Ni kama sentimita 77 kwa 64, rangi za mafuta juu ya turubai. Kijana ameketi nyuma ya meza ya mahogani, uso ameugeuza upande, kwa hiyo tunaona shavu moja, sikio na ncha ya pua. Nyuma yake limeshuka pazia jekundu. Amevaa koti la rangi ya giza lenye kola ya waridi inayong'aa, kizibao cha manjano iliyopauka, na shati jeupe lenye marinda shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Nywele ni zake, hakuvaa wigi. Mezani kuna bilauri ya maji, na pembeni kindi mdogo anatafuna kokwa. Ni kindi wa aina ya Amerika Kaskazini wenye ngozi kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, wanaoitandaza wakaelea kutoka mti hadi mti. Amefungwa mkufu mwembamba wa dhahabu, na mkufu huo umepita kwenye vidole vya kijana.

Anzeni na mkono huo. Haujaukaza mkufu, umeushika kwa ulegevu wa mtu ambaye mawazo yako kwingine. Kila kiungo cha kidole kina mwanga wake na kivuli chake. Halafu shukeni kidogo chini ya mkono, pale mbao ilipong'arishwa: vidole vimeonekana tena ndani ya meza, vikiwa hafifu na vyenye wekundu wa mbao. Kando yake kuna bilauri, nayo Copley ameipaka kwa rangi chache mno. Kuna ukingo, mstari wa maji, na nukta ya mwanga. Hakuna zaidi, lakini unaamini kwamba ukigonga meza maji yatatikisika.

Sasa kisa chake. Hakuna mtu aliyemlipa Copley kwa kazi hii. Aliichora aipeleke London, kwenye maonyesho ya mwaka 1766 ya Society of Artists, chama cha wasanii, apate kujua kazi yake ina uzito gani mbele ya wachoraji wakubwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajakanyaga Ulaya. Turubai ikavuka Atlantiki, na rafiki yake Kapteni Bruce akaishughulikia London. Copley alimwandikia Bruce kwamba ana hofu mchoro hautathaminiwa kama anavyotamani, lakini asimfiche makosa yatakayotajwa.

Akatajiwa. Joshua Reynolds, mchoraji mkubwa wa London ambaye miaka miwili baadaye angekuwa rais wa kwanza wa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya Uingereza, alisema ni kazi ya ajabu kwa mtu aliyejifunzia mbali hivyo. Kisha akaongeza kwamba uchoraji una ugumu kidogo, vivuli vina ubaridi, na vitu vidogo vidogo vimefuatiliwa kupita kiasi. Akashauri Copley aje Ulaya mapema, kabla mkono wake haujaharibika au kuganda kwa kufanya kazi katika hali ndogo ya Boston. Benjamin West, mchoraji mwingine, naye mzaliwa wa makoloni ya Marekani aliyekwisha hamia London, aliandika kwamba mistari imekuwa mikali mno.

Hoja yangu ndiyo hii, na naitetea: ugumu ule, ubaridi ule na mistari ile ndiyo inayoufanya mchoro huu uwe hai mpaka leo. Copley alikiangalia kila kitu kama ambaye hajaambiwa bado kipi ni muhimu na kipi si muhimu. Sikio, kokwa, maji na shavu la mdogo wake vimepewa heshima sawa. London ilimfundisha kupanga vitu kwa daraja, kwamba uso kwanza na mengine yafifie. Alijifunza vizuri sana, na nadhani alipoteza kitu.

Karibuni.

Kipepeo07

Mkuu ahsante, nimeukuza kwenye simu na kweli ule mkono ni habari nyingine. Swali langu: kwa nini kijana hatuangalii? Hata kindi wake hamwangalii. Picha za watu wa zamani nilizozoea, mtu anakutazama usoni moja kwa moja kama anakudai.

Mkaa Dirishani

Kipepeo07, umegusa penyewe. Wateja wa Copley walikuwa wafanyabiashara wa Boston na wake zao. Waliomlipa walitaka wajulikane: huyu ni fulani, ana meli, ana hariri, ana cheo. Mtu wa namna hiyo lazima akutazame. Copley mwenyewe aliwahi kulalamika kwa barua kwamba isingekuwa haja ya kuhifadhi sura za watu, uchoraji usingejulikana kabisa mji ule, na kwamba watu waliuhesabu kama ufundi wowote wenye manufaa, sawa na useremala, ushonaji nguo au ushonaji viatu.

Henry hakuwa mteja. Alikuwa mdogo wake, anapatikana nyumbani, hadai kitu. Kwa hiyo Copley aliweza kumgeuza upande na kumwacha awaze. Midomo imeachana kidogo. Macho yametazama juu kidogo, nje ya fremu, penye kitu ambacho sisi hatuoneshwi. Sura za upande zilikuwa nadra katika picha zake za kulipwa, maana mteja akitoa fedha zake anataka macho yote mawili.

Na ndiyo sababu London walisimama mbele yake. Hawakumjua Henry Pelham, wala kufanana kwake hakukuwa na maana yoyote kwao. Ilibidi mchoro ujitetee wenyewe.

Fundi Brashi

Nimechora mabango na sura za watu kwa miaka mingi, naomba niseme upande wa kazi.

Jambo ambalo mwanzisha uzi hakuligusa ni Copley alijifunzaje. Baba yake wa kambo, Peter Pelham, ambaye ndiye baba mzazi wa huyu Henry, alikuwa mchongaji wa picha za kuchapwa kwa mabamba ya shaba. Alimwoa mama yake Copley mwaka 1748 na akafariki mwaka 1751. Copley alikuwa na miaka 13. Ni miaka mitatu tu ya kukaa karibu na mtu anayejua kazi. Baada ya hapo alichokuwa nacho zaidi ni picha za kuchapwa zilizotoka Uingereza, nakala za michoro mikubwa. Na nakala zile zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Fikirieni maana yake kwa mkono wa fundi. Picha ya kuchapwa haikufundishi rangi hata moja. Inakufundisha mwanga unaanguka wapi, kivuli kinaanzia wapi, ukingo wa kitu unakatika wapi. Mtu aliyelelewa na picha za namna hiyo atachora kingo zilizokatika safi, na vivuli vyake vitakuwa vya baridi, kwa sababu kichwani mwake kivuli ni weusi uliopunguzwa. Hayo ndiyo makosa mawili aliyoyataja Reynolds! Alisoma historia ya Copley juu ya turubai bila kuijua.

Rangi alijitafutia. Tazameni waridi ya kola inavyokaa kati ya wekundu wa pazia na ngozi ya shingo. Ni rangi tatu za jamaa moja zilizowekwa jirani, na hakuna inayoimeza nyingine. Fundi akikosea hapo, shingo inageuka kuwa pazia. Mimi kola ile naiona ngumu kuliko bilauri. Bilauri ina ujanja wake, ukishaujua unaurudia kila mara. Kola haina njia ya mkato.

Lakini kwenye hoja ya mistari nitakupinga kidogo. Angalia ukingo wa paji la uso dhidi ya pazia. Pale mstari umekatika kama umepigwa kwa mkasi. West hakuwa na wivu wala kiburi, alisema alichokiona. Kichwa ni duara, na duara linapozunguka kwenda nyuma ukingo wake hulainika. Hilo Copley alikuwa hajalijua bado.

Mzee wa Gati

Namuunga mkono Fundi, na naenda mbali zaidi. Mwanzisha uzi anaandika kana kwamba London ilimwibia mtu kipaji. Copley aliondoka Boston mwaka 1774 akaenda Ulaya, Italia akaiona, kisha akakaa London mpaka alipofariki mwaka 1815. Mwaka 1778 akaonesha *Watson and the Shark*. Huo ni mchoro wa kijana vilevile! Brook Watson alikuwa na miaka 14 alipoogelea bandari ya Havana mwaka 1749 papa akamng'ata mguu. Mashua imejaa watu, maji, hofu, mikono inayonyooshwa, na kileleni mwa kundi lote amesimama baharia mweusi aliyeshika kamba iliyorushwa kwa kijana. Mtu wa Boston wa 1765 asingeweza kuchora hilo. Hakuwa na mfano wa kujifunzia watu tisa ndani ya mashua moja.

Kipaji kinahitaji kukutana na vipaji vingine. Kukaa peke yako na picha za kuchapwa hakutoshi.

Mkaa Dirishani

Mzee wa Gati, *Watson and the Shark* ni mchoro mkubwa, nakubali bila kinyongo. Yule baharia hasa. Copley pia alichora kichwa cha mtu mweusi kwa rangi za mafuta, ambacho sasa kiko Detroit Institute of Arts, na ni moja ya nyuso zenye uhai kuliko zote alizowahi kuchora. Kwa hiyo sisemi London ilimuua.

Ninachosema ni finyu zaidi. Baada ya barua za 1766 alijaribu kuwaridhisha. Mwaka 1767 akapeleka mchoro wa pili, binti mdogo na ndege na mbwa, akiwa amejitahidi kujaza vitu na kuonesha uwezo. Reynolds hakuupenda. Kwa maoni yangu sababu iko wazi ukiuweka kando ya huu. Ule wa binti unajua kwamba unatazamwa na majaji. Huu wa Henry hauna habari nao, ingawa nao ulichorwa kwa ajili ya majaji hao hao. Mbele ya mdogo wake, Copley alisahau kujionesha.

Na kuhusu ukingo wa paji la uso, Fundi, nimerudi kuutazama. Ni mkali kweli. Ila bila ukali ule, kichwa kingezama kwenye pazia, na ule upweke wa kijana anayewaza ungepungua. Amekatwa kutoka kwenye kila kilichomzunguka. Hilo la duara sina la kukujibu kwa upande wa sheria za uchoraji, lakini kwa hisia, mimi nauhitaji ukingo ule ubaki.

Binti Ufukweni

Nimesoma yote, uzi mzuri. Nataka kuzungumzia meza.

Mmeisifu mbao inavyong'aa, na inastahili sifa. Mahogani ile ilitoka Karibi, ni jamaa wa mkangazi wetu. Ilikatwa misituni na watu waliofanywa watumwa, ikasafirishwa kwa meli zile zile za biashara zilizowatajirisha wateja wa Copley. Mtazamaji wa Boston mwaka 1765 alipoona meza ile aliona utajiri, hakuona shoka. Massachusetts yenyewe, ulipo mji wa Boston, utumwa ulikuwa halali mpaka miaka ya 1780.

Sisemi tuuache mchoro. Nasema nuru ile ya mbao ina chimbuko lake, na mtu akilijua anatazama zaidi, hatazami kidogo.

Kuna jambo lingine. Mwaka 1761, miaka minne kabla ya Henry kuketi kwenye kiti kile, alishushwa Boston mtoto wa kike kutoka Afrika Magharibi, akiwa na umri wa miaka saba au minane. Akauzwa kwa familia ya Wheatley na kupewa jina la Phillis, jina la meli iliyomleta. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilichapwa London, na mbele ya kitabu kuna picha yake. Ameketi mezani kwa uso wa upande, kalamu mkononi, kidole shavuni, macho yametazama juu, mbali. Ni kijana, mji ni ule ule, na mkao ule ule wa kuwaza. Tofauti ni kwamba kuzunguka picha yake yameandikwa maneno ya kumtaja kuwa mtumishi wa John Wheatley. Henry hakuwekewa maneno ya kumtaja mmiliki wake.

Ziwekeni picha hizi mbili pamoja mtazame. Zote mbili zilivuka bahari kwenda London kutafuta kuaminiwa.

Mkaa Dirishani

Dada Binti Ufukweni, umeupanua uzi kuliko nilivyotegemea. Nimezifungua zote mbili kwa wakati mmoja. Kinachonishika ni mikono. Wa Henry umeshika mkufu wa mnyama na hauna kazi. Wa Phillis umeshika kalamu na karatasi imekwisha kuanza kujaa. Kama swali ni nani kati ya vijana hawa wawili alikuwa na jambo la kutuambia siku ile, jibu liko mikononi.

Na ule mkufu wa dhahabu sasa siwezi kuuona kama pambo tu.

Msitu wa Magharibi

Nawasalimu kutoka Kampala. Mimi ni mtu wa wanyama, uchoraji nautazama kwa mbali. Kindi yule amechorwa na mtu aliyemwona kwa macho. Ule ubavu wenye mkunjo, pale manyoya ya kijivu yanapokutana na meupe ya tumbo, ndiyo ngozi ya kuelea ikiwa imekunjwa. Macho makubwa meusi ni ya mnyama wa usiku. Wachoraji wengi hukosea hapo, humpa kindi huyu macho ya kindi wa mchana.

Huku kwetu, misitu ya Uganda na Kongo, tuna wanyama wanaofanana naye kwa tabia, wanaelea mti hadi mti usiku, na chini ya mkia wana magamba ya kujishikizia kwenye gome. Lakini ni ukoo mwingine kabisa, kila upande ulijipatia ngozi yake ya kuelea kivyake.

Swali: kindi ana maana gani pale? Au ni mnyama wa nyumbani tu?

Mkaa Dirishani

Vyote viwili. Watoto wa makoloni yale walifuga kindi, na wengi walifungwa mikufu. Lakini vitabu vya mafumbo vya Ulaya, ambavyo wasomi wa Boston walikuwa navyo, vilimtumia kindi kama mfano wa bidii na subira, kwa kuwa kokwa haipasuki bila kazi. Kijana mwenye kindi aliyefunzwa ni kijana anayefunzwa. Copley alimtumia mnyama huyu zaidi ya mara moja. Mwaka huo huo wa 1765 alimchora Bibi Theodore Atkinson akiwa na kindi wa kuelea kwenye mkufu, na mwaka 1771 akamchora mtoto Daniel Crommelin Verplanck na kindi wake.

Mimi naongeza hesabu moja ya kibiashara. Mtazamaji wa London hakuwa na mnyama huyu mitini mwake. Copley alijua anachokipeleka.

Kipepeo07

Na Henry mwenyewe aliishia wapi? Alipata kitu chochote maishani, au alibaki kuwa mdogo wa mchoraji?

Mkaa Dirishani

Alikuwa mchoraji na mchongaji wa mabamba, mkono wa baba yake huo. Tarehe 5 Machi 1770 askari wa Kiingereza waliwapiga risasi raia wa Boston. Henry akachora tukio hilo. Kabla hajauza nakala zake, Paul Revere, mchongaji mwenzake wa Boston, akatoa picha inayofanana nayo mno na kuiuza yeye. Henry alimwandikia barua kali tarehe 29 Machi, akimwambia amemnyang'anya kana kwamba amemvamia njiani. Picha ya Revere ndiyo iliyoingia kwenye vitabu vya shule vya Marekani. Ya Henry wachache wanaijua.

Vita vya uhuru vilipokuja alibaki upande wa mfalme, akaondoka Boston mwaka 1776. Ramani yake ya Boston na viunga vyake ilichapwa London mwaka 1777, na ni kazi nzuri sana. Baadaye akaishi Ireland, akafariki huko mwaka 1806 kwa kuzama majini.

Fundi Brashi

Kwa hiyo mistari mikali ilikuwa ya familia. Ramani haichorwi kwa kingo laini.

Mkuu, kama kuna anayetaka kujifunzia mchoro huu, ushauri wangu: usianze na uso. Chora kwanza ule ukanda wa meza tu, kuanzia bilauri mpaka kindi, kwa penseli, bila rangi. Ndipo utajua ni kiasi gani cha mchoro kimebebwa na taswira za ndani ya mbao. Ukizifuta, mkono unaning'inia hewani.

Mkaa Dirishani

Nimelipokea hilo, Fundi. Wenye kuchora humu wakifanya zoezi hilo waweke kazi zao hapa hapa, tuzitazame pamoja. Mzee wa Gati, ukipata nafasi fungua uzi wa *Watson and the Shark*, nitakuja na hoja zangu kuhusu papa. Dada Binti Ufukweni, picha ya Phillis Wheatley inastahili uzi wake peke yake, na wewe ndiye wa kuuandika. Mimi wiki ijayo nitaleta huyo mtoto Verplanck wa 1771, ambaye yuko Metropolitan Museum, New York. Huyo alichorwa kwa malipo, na anatutazama machoni.